Maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu chapa zangu

Mengine yalikuja kwa simu, mengine kwenye maonyesho, na mengi kutoka kwa bodaboda anayenibebea mbao kutoka Mwanjelwa, ambaye hajawahi kunifikisha nyumbani bila swali jipya. Nimeyaandika ili nisirudie. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, nitakuelekeza tu.

## Kwanza kabisa

Unafanya kazi gani hasa?

Mimi ni msanii wa chapa, naishi na kufanya kazi Mbeya mjini, Forest ya Zamani. Nachonga picha kwenye ubao au mpira, napaka wino kwa rola, nalaza karatasi juu yake, nasugua kwa mgongo wa upawa wa mti, kisha nabandua. Kilichochongwa kinabaki cheupe. Kisichoguswa kinatoka cheusi. Kama umewahi kugongewa barua muhuri kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kanuni yote umeshaiona. Tofauti ni kwamba muhuri wangu mwingine una urefu wa mita mbili.

Wanaoniita mpiga chapa hawajakosea, ila ndiyo maana napigiwa simu za kadi za harusi, fulana za kampeni na vitabu vya risiti. Hivyo sichapi. Vijana wenye mashine wapo, na wana bei nzuri kuliko yangu.

Kwa hiyo ni kopi?

Hapana. Kopi inahitaji picha ya awali, na hapa haipo. Ubao si picha, ni ubao. Picha inazaliwa karatasi inapobanduka, na kila karatasi ina namna yake: mkono ulichoka kidogo kwenye pembe, wino ulikuwa mzito asubuhi ile. Kuhusu namba kama 4/12 zilizoandikwa chini, tazama sehemu ya kununua.

Si upige tu picha kwa simu?

Napiga, tena nyingi. Lakini simu inachukua chochote kilichopigwa na mwanga. Chapa inachukua kilichoguswa. Tofauti hiyo ndiyo kazi yangu yote, na nimeieleza kirefu kwenye swali la mlango.

Kuna wengine Tanzania wanaofanya hivi, au ni wewe tu?

Wapo, na walinitangulia mbali. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanza miaka ya 1970, ilikuwa na karakana ya kuchapa kwa bamba za chuma, na George Lilanga, ambaye wengi wanamjua kwa rangi na vinyago, alichapa pale pia. Robino Ntila amejenga jina lake kwenye chapa. Nje ya nchi, anayenisumbua usiku ni John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki 1987: nyeusi na nyeupe tu, maneno yamechongwa ndani ya picha yenyewe, na wala huoni kwamba kuna rangi inakosekana. Kila nikifungua kopo la wino wa rangi namkumbuka na kujiuliza kama kweli nalihitaji.

## Mlango, nyumba na mahali

Ule mlango mkubwa ni wa nani?

Ni wa bibi mzaa baba, Uyole, kwenye nyumba iliyokuwa kando ya barabara kuu. Siku moja shangazi akapiga simu kwamba nyumba imewekwa X ya kubomolewa. Anayeishi kando ya barabara nchi hii hahitaji kuelezwa zaidi. Tulikuwa na miezi miwili ya kuhamisha vitu. Ndugu wakachukua mabati, madirisha na matofali mazima. Mimi nikaomba mlango, wakacheka, wakanipa.

Ni mlango wa mninga, mbao za upande wa Chunya, uliotengenezwa na fundi wa mtaani kabla baba hajaoa. Niliung'oa kwenye bawaba, nikaulaza juu ya vigoda viwili uani, nikausugua kwa brashi kavu kutoa vumbi na masizi. Sikuchonga kitu. Nilipaka wino mlango mzima kama ulivyo. Wino ukiwa sawa, rola inalia kama mvua inayoanza kwenye bati. Ukiwa mwingi inanyamaza, na hapo ujue umeharibu. Karatasi ya ukubwa wa mlango sikuwa nayo, kwa hiyo nililaza nne, moja chini ya nyingine. Ndiyo maana unaona viungo vitatu vinavyokatiza picha.

Kilichotoka sikukitarajia. Kuna nusu duara nyeupe upande wa kulia: ni komeo, lililoning'inia na kukwaruza mbao kila mlango ulipofunguliwa, miaka na miaka. Chini kuna nukta nyeusi zenye pete nyeupe. Ni vichwa vya misumari iliyoshikilia kiraka cha bati pale panya walipotafuna. Msumari umenyanyuka, hivyo karatasi haifiki kwenye sehemu inayouzunguka. Na upande wa kushoto kuna mistari mitano aliyoikata babu kwa kisu, kupima urefu wa wajukuu. Wangu ni wa tatu. Wa binamu yangu upo chini kuliko yote na haukupanda tena, maana alichukuliwa na baba yake kwenda Tunduma akiwa na miaka sita. Alipokuja kuiona chapa alimsimamisha mwanawe mbele yake. Mtoto alikuwa ameshaupita.

Mbona X haionekani?

Watu wanaitafuta sana. Iliwekwa ukutani na kwenye mlango pia, nyekundu, kubwa. Lakini rangi haina kina. Rola inapita juu yake kama haipo. Vivyo hivyo na chaki: bibi alikuwa akiandika hesabu za maziwa mlangoni kwa chaki kila siku, na hakuna hata tarakimu moja iliyotoka. Kilichochapika ni kile kilichoumiza mbao, basi.

Kuna aliyenishauri niichonge hiyo X ili picha ikamilike. Nilikataa. Sitaki kuipa kina ambacho haikuwa nacho.

Kwa nini nakala za mwanzo zina namba ya simu na za baadaye hazina?

Hili ni kosa langu na nimeshaomba radhi. Baba mdogo aliwahi kuuza mkaa pale, akachora namba yake mlangoni kwa msumari. Msumari unachapa. Nakala ya kwanza na ya pili zikatoka na namba ile, nyeupe na imegeuka, nami nikajisemea kwamba namba iliyogeuzwa hakuna atakayeisoma. Nikaionyesha. Mtu akapiga picha, akaigeuza kwenye simu yake, akaisambaza. Baba mdogo siku hizi ni mzee wa kanisa, na alianza kuulizwa bei ya gunia saa tano usiku.

Kuanzia nakala ya tatu nilijaza mkwaruzo ule kwa nta ya mshumaa. Ukisogea karibu utaona ukanda laini kuliko mbao. Tangu siku hiyo nyumba ya mtu siichapi kabla mwenyewe hajaona karatasi ya majaribio. Jirani mmoja wa bibi aliniruhusu kuchapa meza yake, kisha akaniomba nisiionyeshe popote. Iko kabatini.

Rangi kwenye zile chapa za kijani na nyekundu hazijakaa sawa. Ulikosea?

Hapana, ingawa mafundi wenzangu wanaumia kuziona. Kila rangi ina ubao wake, na kwa kawaida unaweka alama kwenye pembe ili karatasi irudi palepale kila mara. Mimi nilisogeza alama milimita tatu, makusudi.

Zilianza na swali jingine ninaloulizwa hata na makondakta: wewe ni Mhehe au Mnyakyusa? Mama anatoka upande wa Kalenga. Baba ni wa Tukuyu. Mimi nimezaliwa Iyunga, kwa sababu baba alikuwa mtu wa TAZARA, na mtoto wa reli anakua na watoto waliotoka kila kituo kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Kwa ukoo mimi ni Mnyakyusa, hilo halina mjadala. Lakini nikiwaambia "kamwene" wajomba zangu Iringa wanacheka lafudhi, na nikiwaambia "ugonile" watu wa Tukuyu wanacheka zaidi. Kwa hiyo: ubao wa kijani ni migomba ya kwa baba, ubao mwekundu ni udongo wa kwa mama, mweusi ni reli. Kila mmoja uko mahali pake. Zikikutana ndipo unaona ukingo.

Mtu wa Iringa kwa mama, mbona hujachonga sura ya Mkwawa?

Kwa sababu imeshachongwa, imeshachorwa na imeshapakwa kwenye kuta za kutosha. Kinachonikamata ni fuvu. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua Julai 1898 ili asishikwe na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe. Halikurudi hadi 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda Bremen, Ujerumani, ambako makumbusho ilikuwa na mafuvu mengi, na kulichagua kwa vipimo, akilinganisha na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Sasa liko kwenye makumbusho ya Kalenga, na wageni wanalitazama kupitia kioo. Mimi nililitazama nikiwa darasa la nne nimeshikwa mkono na mama, na sikumuuliza kitu.

Nimechonga rafu za Bremen, mstari kwa mstari, mafuvu yote yamefanana. Nafasi moja nikaikata kabisa hadi upande wa pili wa ubao. Wateja wawili wamenirudishia wakidhani ubao ulivunjika. Ninachojiuliza ni hao wengine waliobaki kwenye rafu, ambao hawakuwa na mkataba wa kuwataja. Walikuwa na mama zao pia, mahali fulani, waliowapima kwa kisu mlangoni.

Unapaka wino kwenye vitu vya kale, kama Isimila au kile kimondo cha Mbozi?

Kamwe. Nguzo za udongo za Isimila na kimondo ni mali ya wote na ni vya kuangaliwa. Nakaa pembeni na penseli, nachora, nachonga nyumbani. Isimila hasa sioni haja ya kuigusa: maji yameondoa udongo laini na kuacha nguzo zimesimama, yaani kuna mtu amenitangulia kuchonga.

## Mbao, karatasi na wino

Unatumia mbao gani?

Msindano, sana sana. Mashamba ya miti ya Sao Hill na Mufindi yamejaza Nyanda za Juu Kusini mbao hizi, na ni za bei ya kawaida. Mafundi samani wanazidharau kwa sababu ni laini. Kwangu hapo ndipo utamu ulipo: mistari ya ukuaji ina sehemu laini na sehemu ngumu, ukisugua kwa brashi ya chuma, ile laini inatoka na ngumu inabaki, na ubao unakuchapia mawimbi kabla hujaweka patasi. Nimeyatumia kama ukungu wa Mlima Loleza asubuhi. Kwa mistari myembamba natumia plaiwudi au MDF. Mninga nauogopa, unakata patasi badala ya kukatwa.

Mpira wa sakafu unaotumiwa na wasanii wa nje ni shida kupatikana. Badala yake natumia soli za kandambili kwa chapa ndogo. Kisu chembamba cha kuchongea nilipewa na fundi mihuri wa mjini, na ndiye aliyenifundisha kukisukuma kisu mbali na mkono unaoshikilia. Nilielewa vizuri baada ya nyuzi nne za kidole gumba.

Na karatasi?

Za majaribio ni kaki, zile nzito za mifuko. Mgololo, kule Mufindi, kuna kiwanda kinachotengeneza karatasi za aina hiyo, na nafurahi kuchapa mti juu ya mti wa wilaya moja. Lakini kaki inazeeka vibaya, inakuwa kavu na kukatika, hivyo siuzi. Za kuuza ni karatasi za pamba zinazoagizwa kutoka nje, na hizo ndizo zinazokula faida. Nimejaribu pia karatasi za mkono za Neema Crafts ya Iringa, zile za kinyesi cha tembo. Hazina harufu, usiulize tena. Zina nyuzi zinazoshika wino kwa mabaka, zinafaa kwa udongo na mawe, hazifai kwa uso wa mtu.

Mbona agizo langu linachelewa?

Baridi au mvua, mojawapo. Juni na Julai wino wa mafuta unakuwa kama lami, nauweka karibu na jiko na sianzi kabla ya saa nne asubuhi. Kuanzia Novemba mvua ikishika, karatasi hazikauki kwenye kamba hata kwa wiki mbili, na ubao wa msindano unapinda. Ukitaka kitu cha Krismasi, agiza Agosti.

Kwa nini maandishi yako mengine yamegeuka?

Kuna yaliyogeuka makusudi, kama ya mlangoni. Kuna yaliyogeuka kwa uzembe. Kila unachochonga kinatoka kinyume, kwa hiyo herufi zinachongwa kinyume ili zisomeke. Najua hivyo. Hata hivyo niliwahi kuchonga kaulimbiu ya shule moja sawasawa kabisa, kwa mwandiko mzuri, nikachapa nakala thelathini usiku mzima nikisikiliza redio. Asubuhi mke wangu akaingia na chai, akasimama, akauliza kama ni Kiarabu.

## Kununua na kutunza

Bei ni kiasi gani, na 4/12 maana yake nini?

Ndogo za ukubwa wa daftari zinaanzia shilingi 45,000. Kubwa tunazungumza. 4/12 ni nakala ya nne kati ya kumi na mbili, na ya kumi na tatu haitakuwepo: nikimaliza napitisha patasi kwenye ubao, mstari mmoja wa mshazari, mbele ya yeyote anayetaka kushuhudia. Ya nne si duni kuliko ya kwanza, wala haina bei tofauti. Mlango ulitoa sita. Ule sikuupitisha patasi. Sababu iko kwenye swali la mwisho.

Naweza kuilaminisha?

Tafadhali, usifanye hivyo. Najua cheti cha kidato cha nne kimelaminishwa na kimedumu. Chapa inataka kupumua. Joto la mashine linaupiga wino, na ukishaweka plastiki hakuna kurudi. Iweke kwenye fremu yenye kioo, kioo kisiguse wino, bila gundi nyuma, mbali na dirisha la jua na ukuta unaovuja.

Nikiipiga picha na kuiweka kwenye fulana?

Hapo tutagombana. Kununua karatasi si kununua haki ya kuzalisha picha. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inanilinda, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Niulize kwanza, mara mbili nimekubali bure.

## Ya pembeni

Mbona huchapi kwenye kanga au kitenge?

Nilijaribu kanga moja kuukuu ya bibi. Wino ukafunika jina. Shangazi akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake, hatujaizungumzia tena.

Mwanangu anaweza kujifunza?

Anaweza kuanza leo, na kiazi. Tuna viazi vya Uporoto hapa, tele. Kata katikati, futa maji, chonga umbo kwa kijiko, chovya kwenye rangi, gonga. Akimaliza viazi vyote na bado anataka, mlete Jumamosi mchana na kandambili moja iliyokatika. Watu wazima pia nawapokea, ila wao hawana subira.

Na mlango wenyewe uko wapi?

Igawilo, kwa shangazi. Niliurudisha baada ya nakala ya sita kwa sababu ulikuwa wa ukoo, si wangu, na kikao kilishasema hivyo tangu mwanzo. Nilidhani utakaa sebuleni. Umewekwa kwenye banda la kuku, umekatwa sentimita kumi chini ili uingie, pamoja na kile kiraka cha panya. Wino uliobaki kwenye nyufa haujatoka. Mara ya mwisho nilipokwenda shangazi alinionyesha kitenge chake chenye doa jeusi la nusu duara begani, akataka kujua nitakilipa lini.